Mnunua Maua wa Mwalimu

Mwalimu wa kwaya yetu alikuwa na maadui wawili hapa duniani: watu wanaoimba kwa pua, na watu wanaonunua kahawa ikiwa bado ua mtini. Wa kwanza aliwavumilia, maana sauti ya kwanza yote pale mtaani kwetu ilikuwa ya pua, na angewafukuza angebaki na wazee wanne wa besi. Wa pili aliwatungia igizo.

Kwa asiyetoka kwetu Igurwa inabidi nieleze, nisije nikaonekana napiga soga na majirani peke yao. Kwetu kuna jambo linaitwa butura. Mibuni inapochanua, kibanja, yaani shamba la nyumbani la kahawa na migomba, kinanukia mpaka kitandani, na wewe huko ndani chumvi hakuna, mtoto anakohoa, kaptula ya shule imetoboka makalioni. Anapita mtu. Anatazama maua, anakadiria kwa macho, anakupa kitu leo. Kahawa ikiiva ni yake, hata izae mpaka matawi yalale chini. Serikali imekataza, ushirika umekataza, kanisa limekataza, na hakuna nyumba ambayo haijafanya. Ndiyo sababu mnunuzi wa butura hajiiti mnunuzi. Ukimwambia, "Nina maua," anashtuka kama umemtukana. "Mimi? Sinunui mimi, waitu! Nani kakwambia?" Lazima akatae, na lazima wewe ubembeleze. Asipokataa, ujue huyo ni polisi.

Mwalimu hakupenda kuzungumzia alikotoka, ila hili alilisema kila mwanzo wa mazoezi, akiwa amesimama mbele yetu na koti lake zito la kahawia ambalo hakulivua hata jua lichome vipi. Alipokuwa mdogo alichuma kahawa kwenye kibanja cha baba yake mwenyewe akiwa kibarua wa mtu mwingine. "Nilikuwa kwetu," alisema, "na nikifyonza tunda moja naitwa mwizi." Kisha anaapa mbele ya kwaya: ua la kibanja chake halitauzwa yeye akiwa hai, na igizo lake litachezwa kila mibuni inapochanua, mpaka upite mwaka ambao hakuna nyumba hata moja mtaani iliyouza. Mwaka huo ndio atapumzika. Sisi tunaitikia amina, halafu tunatazamana, maana nusu yetu tulikuwa tumeshauza.

Alikuwa mtu wa ajabu, Mungu wangu. Kwaya aliiongoza kwa mwavuli. Wimbo ukienda vizuri mwavuli unakwenda taratibu juu chini. Mkikosea anaufungua pwaa, na hapo kila mtu ananyamaza. Alituhubiria kuhusu kuwahi mpaka masikio yakauma, na yeye ndiye aliyekuwa anafika wa mwisho, anatembea kwa hatua za bwana harusi, anauliza kwa ukali, "Nani amechelewa?" Alisema kulia kanisani ni kukosa nidhamu, lakini wimbo alioutunga mwenyewe haukufika ubeti wa pili kabla hajageuka kupenga kamasi. Chai alikunywa na sukari ya kutosha watu watatu, na miaka ile sukari ilipoadimika akawa anakunywa chungu na kutulaumu sisi. Na hakuwahi kumpiga mtu. Alijipiga paja lake mwenyewe kwa kiganja, paa, paa, mpaka unamhurumia, unaimba vizuri ili aache kujiumiza.

"Imba kwa tumbo!" ndilo lilikuwa neno lake. "Koo ni njia tu, nani aliwaambia mkae njiani?"

Lakini kituko chake kikubwa kilikuwa ndani ya lile igizo lenyewe. Lilikuwa la kuimba mwanzo hadi mwisho, halina neno la kusema. Kulikuwa na Mkulima, na Mke wa Mkulima, na kundi la majirani, na mwisho kabisa Mchungaji anayekuja kuonya. Katikati, kwa muda mfupi tu, aliingia Mnunua Maua. Ubeti wake ulikuwa mmoja, ukirudiwa. Sasa huyo Mkulima alipewa tuni ya kukokota kama mtu anayepanda mlima na gunia. Mchungaji alipewa kitu kinachofanana na kusoma matangazo. Mnunua Maua akapewa wimbo mtamu kuliko nyimbo zote Mwalimu alizowahi kutunga. Ulikuwa hivi:

*Nimepita kusalimu, sina haja, sina neno;*
*Yule mwana akohoa? Nina dawa, si maneno.*

Mawe, mama yangu wee, ulikuwa unanasa! Watoto waliuimba kisimani. Mama Mwalimu, mke wake, mwanamke mfupi asiyemmezea mtu maneno, alimwambia mbele yetu sote, "Baba, watu wema umewapa kukoroma, na mwizi umempa kinanda. Sasa unataka watu wamchukie nani?" Mwalimu akajibu kwamba dhambi ni tamu, ndiyo maana tuni ni tamu. Mama Mwalimu akasema haya, tutaona, akaendelea kumenya ndizi.

Mimi nilikuwa Mke wa Mkulima. Nilipewa nafasi hiyo nikiwa binti mdogo kwa sababu siimbi kwa pua, nikakaa nayo mpaka nilipoolewa. Mume wangu wa kwenye igizo alikuwa kijana wa sauti ya tatu, mzuri wa sura, kichwani hamna kitu, kwa hiyo mapatano yote ya maua yaliniangukia mimi. Ndiyo maana nawajua Wanunua Maua wote wa Mwalimu. Wengine waliwaona kutoka kwenye mabenchi. Mimi walisimama mbele ya pua yangu.

Wa kwanza alikuwa mwinjilisti wetu. Ilikuwa ndiyo kwanza vita vimeisha, vile vilivyoanza mwaka sabini na nane, na watu wa huku mpakani tulikuwa bado tukisikia debe limeanguka tunatafuta pa kulala chini. Mwinjilisti alikuwa pandikizi la mtu. Mwalimu akamwambia, "Onyesha ubaya." Basi akauonyesha. Aliokota koti la kijeshi lililoachwa na wale waliotuvamia, akajichora masharubu kwa mkaa, akashika rungu, akaingia akiunguruma "Nimepita kusalimuuu!" mpaka popo wakatoka darini. Watoto walikimbilia nje. Bibi mmoja alijificha chini ya benchi na ilibidi abembelezwe kutoka. Mimi nilisahau nyimbo zangu zote. Nikampa maua bila hata kuombwa, ningempa na mume.

Mwalimu alifurahi sana. Alidhani hapo amemmaliza adui. Sasa mbele kabisa, benchi la heshima, alikuwa ameketi mzee mmoja wa kanisa ambaye kila mtu alijua kwamba nusu ya maua ya mtaa ni yake. Mtu mpole, hapandishi sauti, anakuuliza habari za mama yako mpaka shangazi zako. Igizo lilipokwisha mzee huyo alisimama, akajifuta jasho, akasema kwa uchungu, "Ndugu zangu, tumeona. Watu wakatili namna hii wapo duniani. Tujihadhari nao." Kanisa likaitikia ndiyo, tujihadhari. Kisha akajitolea vitambaa vya sare ya kwaya nzima. Tukashona, tukavaa, tukamwimbia Mnunua Maua miaka mingi tukiwa tumevaa nguo za mnunua maua. Mama Mwalimu alicheka wiki nzima. Mwalimu yeye hakucheka hata kidogo; alisema mwinjilisti amezidisha, watu wamemwona askari, hawakumwona mnunuzi.

Mwinjilisti naye alishaanza kulalamika kwamba waumini wanamkwepa akienda kuombea wagonjwa. Ikabidi atafutwe mwingine. Hapo wazee wa kanisa wakaingilia kati na hekima yao. Walisema ubaya si vizuri kuigizwa na mtu wa kwetu, kesho keshokutwa tunaoana. Apewe mtu wa kuja. Kulikuwa na kibarua mmoja ametoka Burundi, analima kwenye vibanja vya watu, muumini safi, sauti nzuri kupita wenyeji wote. Mbuni hakuwa nao hata mmoja. Mtu pekee mtaani ambaye hakuwahi kuuza wala kununua ua ndiye akapewa kuwa mnunuzi! Nilikasirika, nikasema, nikaambiwa mimi ni mtoto wa kike nikae kimya. Mwalimu alikunja uso, akazungusha mwavuli, mwisho akakubali shingo upande kwa ajili ya ile sauti.

Yule bwana, maskini, alijua kwamba Jumatatu atakuja kugonga kwetu kuomba jembe. Aliingia amevua kofia. Aliimba akitazama vidole vya miguu yangu. Kila nilipoimba kilio changu alininong'oneza, "Samahani mama, nisamehe," na wakati wa kubeba kikapu cha maua alikibeba kama anaiba yai chini ya kuku. Hakuna aliyemchukia. Watu walitoka wanasema, "Jamani, kumbe hata wanunuzi wana shida zao, nao wana watoto." Wanawake wawili walimpelekea mikungu ya ndizi. Mwaka ule maua yaliuzwa kwa huruma. Mwalimu alijipiga paja mpaka nikaogopa mfupa.

"Nataka wamchukie!" alisema. "Ni kitu kigumu hicho? Mtu anakuibia mchana kweupe, na wewe humchukii?"

Akaja wa tatu, kijana wa wafugaji, mmoja wa wale walioleta ng'ombe mbugani wakaishia kujenga na kubatizwa. Mrefu, mtulivu, anasimama kwa mguu mmoja akiegemea fimbo. Huyu tatizo lake lilikuwa tofauti: hakuelewa kilio kinatoka wapi. Kwake mmea ni kitu ng'ombe anakula. Mwalimu alimweleza butura asubuhi nzima, na kijana akauliza kwa adabu, "Kwa hiyo Mwalimu, wanalia kwa sababu ya majani?" Basi akamwigiza Mnunua Maua kwa dharau. Aliingia akitazama mapaa, akaimba ubeti wake vizuri sana kwa mapaa hayohayo, na alipoona nalia kwa bidii akadhani bei ndogo. Akaongeza kitu ambacho Mwalimu hakukiandika. Akaimba, kwa tuni ileile, kwamba atatoa na ndama jike.

Mume wangu, yule kijana wa sauti ya tatu, alisahau kama yuko kwenye igizo. "Nakubali!" akapiga kelele, bila tuni yoyote. Kanisa zima likalipuka, "Kubali! Kubali!" Wazee wawili wakasimama kushuhudia. Igizo likaishia hapo, Mchungaji wa kuonya hakuingia kabisa, alibaki nyuma ya mlango ameshika Biblia. Mwavuli ulifunguliwa pwaa ukakaa wazi mpaka watu wote wakatawanyika.

Naeleza haya nacheka, lakini Mwalimu hakuwa anacheza. Kila baada ya igizo alipita mtaani akihesabu kwa macho nyumba ambazo mnunuzi ametembelea. Alizijua. Nyumba iliyouza ina taa mpya, au bati moja juu ya nyasi, au mtoto ana viatu. Anarudi kwake, anaingia katika kibanja chake mwenyewe, anasimama katikati ya mibuni yake iliyochanua, mikono nyuma, kama mtu aliyesimama kwenye wodi ya watoto wake. Mara moja nilimkuta hapo. Akaniambia, "Mwanangu, nikishindwa kwa wote, hiki hapa sishindwi." Nikamwamini, na wala sikuona sababu ya kutomwamini.

Wa nne ndiye aliyetumaliza.

Alikuwa kijana kutoka Nkwenda, ameletwa na mjomba wake kusaidia duka dogo pale njia panda. Miaka hiyo duka lilikuwa neno tu. Rafu tupu, kiberiti kinauzwa kwa kujuana, sisi wanawake tunafulia majani ya mpapai na kunuka mpapai. Kijana hakuwa mzuri wala mbaya, mfupi kidogo, macho ya usingizi. Hana haraka. Ukimsalimia anaacha alichoshika ndipo anaitika.

Kwenye mazoezi Mwalimu akamwambia kama alivyowaambia wote, "Onyesha ubaya."

"Mwalimu," kijana akasema, "mimi nauza duka. Mtu ukimtisha hanunui hata chumvi."

"Wewe huuzi hapa, unanunua!"

"Ni kazi ileile, Mwalimu."

Mwalimu akainua mwavuli, akaashiria tuanze wimbo.

Siku ya igizo kijana aliingia amevua viatu mlangoni. Hakuimba. Kwanza alimsalimia yule bibi wa benchi la mbele, "Shikamoo bibi," na bibi, ambaye hayumo kwenye igizo, akaitika marahaba. Akaja akamwinamia mtoto tuliyemfunga mgongoni kwangu kwa ajili ya igizo, akamgusa paji la uso. Ndipo akaanza, kwa sauti ya chini kabisa, kama anaimba ili mtoto asiamke: *Nimepita kusalimu, sina haja, sina neno.* Akatoa mfukoni mche wa sabuni. Sabuni ya kweli, ya bluu, sijui mjomba wake aliificha wapi. Akaiweka juu ya kigoda, na hakuitazama tena.

Niliitazama mimi. Jamani, sikuwa naigiza. Harufu yake ilinifikia, nikakumbuka nguo zangu zote na mpapai wake. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba hapo Mnunua Maua anaomba maua, lakini kijana hakuomba. Alikaa tu, mikono magotini, anasubiri kwa heshima, na mimi kwa kinywa changu mwenyewe nikaimba badala yake: "Nina maua, yapo uani." Akainua mikono. "Hapana mama," akaimba, "mimi sinunui." Na kanisa zima likaugua, aaah, kama watu waliofungiwa mlango. Nikambembeleza. Mbele ya Mungu na usharika wake nikapiga magoti kwa ajili ya mche wa sabuni, na watu nyuma yangu wananisaidia, "Mbembeleze, mbembeleze!"

"Huyo!" Mwalimu alipiga kelele katikati ya wimbo, mwavuli umeanguka, machozi yanamtiririka bila hata kugeuka. "Huyo! Huyo ndiye!"

Alidhani ameshinda. Sote tulidhani. Watu walitoka wameinamisha vichwa, hakuna aliyecheka. Mwalimu aliniambia, "Sasa wamejiona. Mwaka huu hawauzi."

Kesho yake asubuhi, kabla mjomba hajafungua duka, palikuwa na watu wanane mlangoni. Walikuwa wanamtafuta kijana. Walikuwa na maua.

"Lakini mimi naigiza!" kijana akawaambia. "Sinunui mimi!"

Wakatazamana, wakatabasamu. Bibi mmoja akampiga bega kwa upendo. "Tunajua, mwanangu. Hata jana kanisani ulikataa kwanza."

Kadiri alivyokataa ndivyo walivyozidi kumwamini. Akaapa, wakasema huyu ni mnunuzi mwenye adabu. Akakasirika, wakateremsha bei. Akakimbilia kwa Mwalimu, nami nilikuwapo tunapanga viti. "Mwalimu, niwaambie nini?" Mwalimu akamwambia, "Kataa kwa nguvu!" Akarudi akakataa kwa nguvu, na foleni ikafika barabarani. Mjomba, ambaye hakuwa mtu wa kwaya, alimwita pembeni akamuuliza ana akili kweli, riziki inakuja kwa miguu yake yeye anaifukuza. Kijana akanunua ya mmoja ili wengine waondoke. Wengine hawakuondoka. Mibuni ilipochanua tena alikuwa na baiskeli, baadaye pikipiki, na baadaye kabisa akawa na pikapu. Yule mzee wa benchi la mbele alihamia mtaa mwingine kwa hasira, anasema kwaya imemharibia kazi.

Mwalimu alijaribu mara moja ya mwisho. Alisema basi, nitaigiza mwenyewe, mimi ndiye nimeliandika, mimi ndiye najua lipi la kuchukiza. Aliingia na koti lake. Aliimba ule wimbo, na niseme ukweli, hakuna aliyewahi kuuimba vile. Akafika kwenye "yule mwana akohoa", akanitazama, akamtazama mtoto mgongoni. Akageuka kupenga kamasi. Akarudi akajaribu tena, akashindwa. Akaweka sabuni juu ya kigoda akaondoka bila maua. Mnunua Maua alitubu kabla hajanunua kitu! Watu hawakuelewa. Nyuma nilisikia mwanamke akiuliza kwa wasiwasi, "Sasa mbona ameondoka? Huyu mama na kahawa yake atamuuzia nani?"

Igizo lilikufa siku hiyo. Mimi nikaolewa Kituntu, nikaanza kulima migomba ya watu wengine na kulea watoto wangu wa kweli, wanaokohoa kweli.

Miaka ya tisini ilikuwa imefika katikati nilipokwenda kumwona mama yangu, nikapitia kwa Mwalimu kumsalimia. Sikufika mlangoni. Katika kibanja chake niliona watu sita na vikapu, wanachuma. Siwajui. Damu ikanipanda. Nikawaingilia kwa maneno, nikawaita wezi, nikawaita majina ambayo mke wa mtu hapaswi kuyajua. Mmoja wao, kijana mstaarabu, akanijibu, "Mama, usitutukane. Kahawa hii ni ya bosi. Aliichukua ikiwa ua."

Mwalimu alikuwa ameketi nje kwenye kiti, na koti lake. Amekonda. Kulikuwa na kiti cha pili, akanionyesha nikae.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimekusikia huko. Sauti bado inatoka tumboni, vizuri."

Sikuweza kuzungusha maneno. "Mwalimu, wale wanachuma nini?"

Akanieleza, akitazama mikono yake. Mama Mwalimu aliugua. Tumbo lilimvimba, akawa hawezi kusimama, na gari mtaani lilikuwa moja tu. Hakwenda kuliomba. Mwenye gari alisikia akaja mwenyewe asubuhi, akambeba Mama Mwalimu mikononi kama mama yake mzazi, akawapeleka hospitali, akakaa nao kwenye benchi mpaka amepasuliwa. Akalala huko. Akawarudisha. Alivua viatu mlangoni kila alipoingia.

"Na hakuomba kitu," Mwalimu akasema. "Nikamngojea aombe. Siku ya kwanza, ya pili. Mibuni imechanua, anapita katikati yake, hata haitazami. Nikashindwa kulala. Nikamwambia, chukua maua. Akasema, 'Hapana Mwalimu, kwako sinunui.'"

"Basi si alikukatalia!"

"Alinikatalia." Alinitazama, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka kabisa. "Anakataa kweli, au anakataa kama wanavyokataa? Mimi ndiye niliyemfundisha, mwanangu. Nilimtazama usoni, sikujua. Mpaka leo sijui. Basi nikabembeleza."

Nilitaka kumtukana yule mtu, nikatafuta neno, sikulipata. Nikauliza kama angalau alimlazimisha kidogo, kwa maneno.

"Laiti angenilazimisha," Mwalimu akasema. "Ningetunga wimbo."

Nililia, sina haya kusema. Nilimlilia Mwalimu, nikalilia kile kibanja, na ndani yake kulikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, maana ndani ya nyumba nilimsikia Mama Mwalimu akipanga vikombe, mzima, anaimba peke yake.

Pikapu ikasimama barabarani. Akashuka mtu mfupi, macho ya usingizi, amenenepa, mkononi ana kifurushi cha dawa. Hakutazama kibanja. Alikuja taratibu, akavua kofia, akainama. "Shikamoo Mwalimu." Kisha akanigeukia, akanikumbuka mara moja, akaniuliza watoto wangu mmoja mmoja kwa majina, na sijui aliyajulia wapi. Mama Mwalimu akachungulia mlangoni, uso wote umechangamka. "Mwanangu umefika! Chai iko tayari."

Viti vilikuwa viwili tu. Mwalimu alinitazama. Mimi nikajifuta macho, nikasimama, nikampisha.